Upande Laini wa Boksi

Boksi likifunguliwa na kulazwa mezani halifanani kabisa na boksi. Linafanana na nguo iliyokatwa na fundi kabla hajaishona: huku mgongo, huku ubavu, huku kifuniko, na pembeni kile kiulimi chembamba cha kupakwa gundi. Mtu wa kudizaini hulichora hivyo hivyo, limelala, na kichwani mwake inabidi alione limesimama. Kuna upande mwingine anauchora kichwa chini miguu juu, ili likikunjwa maandishi yakae sawa. Wateja waliokuwa wakipita nyuma ya kiti changu, wakiona herufi zimepinduka kwenye kompyuta, walinishika bega wakaninong'oneza, "Dada, hapo umekosea." Nilikuwa naitikia tu ahsante, maana ukianza kueleza hufanyi kazi.

Kazi hiyo nimeifanya Korogwe miaka mingi. Nimechora maboksi ya sabuni, ya majani ya chai, ya viungo vya pilau, ya mishumaa, mpaka ya dawa ya mende. Mengi nimeyasahau. Hili la asali sijalisahau, kwa sababu baba yangu alitaka kuliona kabla macho yake hayajazima. Hakuomba kujengewa nyumba wala kununuliwa baiskeli. Alisema, "Mama, nataka niione asali yangu imekaa dukani ndani ya boksi lake, kama vitu vya watu." Mama ndiye mimi. Nimerithi jina la mama yake mzazi, na maisha yake yote hakuniita vingine.

Baba alikuwa mtu wa mizinga, kule kwetu Kwaluguru, upande wa Handeni. Mahindi alilima kama kila mtu, lakini moyo wake ulikuwa porini kwa nyuki. Mizinga alichonga mwenyewe. Gogo analipasua katikati, analichimba kwa tezo mpaka linabaki ganda, kisha nusu mbili anazirudisha pamoja na kuzifunga kwa kamba za miti. Nje hakugusa kitu, gome lilibaki na mabaka yake. Ndani ndiko alikohangaika. Alikwangua, akasugua, akapaka nta, akasugua tena, hadi shangazi anamuuliza kama anachonga mzinga au kitanda cha bibi harusi. Akimaliza ananiita mimi, niingize mkono wangu mdogo nipapase kama kuna kibanzi kimebaki. Nikiuliza kwa nini asilainishe na nje pia, ipendeze, ananijibu kwa Kizigua kwamba ndani ndiko wanakoishi wenyewe, nje awaachie mvua na jua. Nilisikia maneno hayo mara nyingi mno nikayachoka. Ningejua ningeyaweka akilini vizuri zaidi.

Asali yenyewe aliiuza kwenye chupa za pombe kali zilizookotwa, tukazisugua kwa mchanga na majivu hadi zikatakata. Zamani hizo maduka yalikuwa matupu na hakuna aliyejali chupa imetoka wapi. Kisha mambo yakaachiwa, soko likawa huria, na rafu zikajaa vitu ambavyo hatukuwa hata na majina yake. Biskuti ndani ya boksi. Dawa ya meno ndani ya boksi. Balbu ya taa, nayo ina boksi lake. Siku moja mwenye duka mmoja pale Handeni mjini, mtu mwema tu, Mwislamu mwenzetu, alimwambia baba kwa upole kwamba asali yake haina mfano, ila hawezi tena kuweka chupa ya pombe kwenye rafu yake, wateja wanaguna. Baba alirudi nayo nyumbani. Hakulalamika, lakini aibu ilimwingia, na tangu siku hiyo akawa anasema habari ya boksi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Korogwe, nakaa Kilole, naandika kwa taipu kwenye duka la steshenari la mama mmoja wa Kihindi. Mumewe alikuwa amefariki na duka akaliendesha mwenyewe, mkali, hana maneno mengi, na macho yake hayapitwi na kitu. Alipoona kila mtu sasa anataka kufungasha bidhaa yake, akanunua kompyuta. Iliwekwa mezani ikafunikwa kitambaa kama maiti, hakuna anayeigusa. Akanipeleka Tanga nikasome, nikarudi najua programu ya kuchora. Najua kwa kujikongoja, lakini mji mzima wa Korogwe wakati huo nani angenisahihisha? Mausi yenyewe ilikuwa na kigololi ndani. Kikishika vumbi la barabarani mshale unakwama katikati ya mstari, nakitoa, nakifuta kwa khanga, naendelea.

Baba alikuja Korogwe kwa ajili ya macho. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimmulika, akamuuliza maswali, halafu akaniambia mimi, badala ya kumwambia yeye, kwamba ni presha ya macho, imeanza zamani, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kwa muda. Nikauliza muda gani. Akasema inategemea. Nilimchukia yule daktari bure, masikini, alikuwa anasema kweli.

Njiani baba akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia amesema utumie dawa. Akatembea kidogo, akasema, "Basi wewe fanya haraka na boksi."

Tajiri wangu, yule mama wa duka, alikubali bila shida. Alikuwa amekwisha kuionja ile asali, na alijua mabasi yanasimama Korogwe na abiria wananunua chochote kilichofungwa vizuri. Yeye angelipia uchapaji na chupa mpya, baba na wenzake wangeleta asali, na kule kijijini ndiko ingefungashwa. Baba alishikilia hilo la kufungasha, akasema boksi la asali yake hatalikunja mtu mwingine.

Kabla hajarudi Kwaluguru alikuja akakaa kando yangu dukani, kwenye stuli, mikono juu ya mapaja. Nilikuwa nachora naye akisikiliza. Nikamwambia hapa mbele nimeweka rangi ya asali, ile ya juani. Hapa naweka mzinga wako, umelala juu ya tawi la mninga, ule mninga wa kule bondeni, na majani yake, na nyuki wanaingia. Alisogeza uso karibu na kioo hadi nikaona mwanga umemkaa shavuni. "Naona," alisema. "Tawi lipinde kidogo, mzinga ni mzito." Nikalipinda. Akacheka kwa furaha, na tajiri akaja kutazama kuna nini, naye akatabasamu. Siku hiyo nilikwenda nyumbani mwepesi.

Halafu ndipo matatizo yalipoanza. Umeme ukawa unakatika kila nikikaa, na kazi ambayo sijaihifadhi inapotea, naanza upya. Kiwanda cha uchapaji Tanga kikarudisha diski kwa kuwa haifunguki kwao. Nikapeleka nyingine kwa mkono. Tena wakasema mistari ya kukunjia na ya kukatia nimeiweka rangi moja, hawajui wakate wapi. Nilitukana kimoyomoyo, nikarekebisha. Mwisho tajiri alipoiona picha imechapwa kwa kipimo chake halisi, akaweka kidole juu ya mninga. "Huu unajaza sana. Boksi dogo hili. Wewe unataka kuuza asali au kuuza msitu?" Nikajitetea kwamba baba ameshauona. Akasema baba atafurahi asali ikinunuliwa. Alikuwa na haki yake, fedha ni zake. Nikaufuta mninga. Ukabaki mzinga peke yake katikati ya rangi ya machungwa, na maandishi makubwa: ASALI YA KWALUGURU. Ilipendeza, sisemi uongo. Lakini kila nikiutazama mzinga ule nauona unaelea.

Boksi la kwanza, la mfano, lilitoka wakati mahindi yamekwisha kukomaa. Lilikuwa limekunjwa kiwandani, linang'aa. Nililifunga ndani ya khanga lisikwaruzike, nikapanda gari la Handeni, vumbi kutwa. Nilimkuta baba ameketi barazani. Shikamoo baba, marahaba mama, hujambo, za Korogwe. Nikaliweka mikononi mwake. Alilizungusha. Alilielekeza kwenye jua kama anavyofanya mtu anayekagua noti, akalipapasa pembe, akalifungua kifuniko, akakifunga.

"Zuri," alisema. "Zuri sana. Na mninga umekaa vizuri."

Nikajiambia anakumbuka alichokiona dukani, au anakusudia ule mti kwa jumla, au amechoka. Shangazi, dada yake mkubwa aliyekuwa akiishi naye tangu mama yangu alipofariki, alikuwa anapepeta mchele pembeni, na ungo wake ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Mambo mengine mtu unayaona na unakataa kuyaona. Nilirudi Korogwe nikamwambia kila mtu baba ameliona boksi. Nilimwambia na tajiri. Nilisema, jamani, amewahi.

Maboksi yenyewe yalifika kutoka Tanga yakiwa yamelala, yamefungwa mafungu, na tukayapeleka hivyo hivyo Kwaluguru pamoja na chupa na mkebe wa gundi. Ilikuwa ile kadi ambayo upande mmoja unang'aa na kuteleza, ndio uliochapwa, na upande wa pili ni wa kijivu, mkavu, unakwaruza kidole. Baada ya muda tukapata habari kwamba kazi imekwisha. Nikafunga safari kwenda kuichukua.

Yalikuwa yamepangwa chumbani kwake, ukutani, safu juu ya safu, yamenyooka kama matofali. Yote ya kijivu.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ameyageuza ili yasishike vumbi. Nikachukua moja, nikalizungusha, kijivu pande zote. Nikavuta kifuniko nikachungulia. Mle ndani, nyuma ya chupa, kulikuwa na rangi ya machungwa, na kipande cha herufi, na nyuki wangu mmoja. Alikuwa ameyakunja picha ikiwa ndani. Kila moja. Amelipaka gundi, amelibana, limekauka, ukitaka kuligeuza unalichana.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, uso umeelekea dirishani badala ya kuelekea kwangu. "Umeona kazi?" akasema. "Upande laini nimeuweka ndani, chupa isichubuke. Umepapasa? Hakuna kibanzi hata kimoja."

Nikamwambia nimepapasa, baba. Safi kabisa. Sauti ilinitoka vizuri tu, sijui niliipata wapi.

Mtu anayeona hata ukungu asingekosea pale. Upande mmoja wote ni rangi ya machungwa, wa pili ni kama jivu. Ina maana alikuwa haoni machungwa wala jivu. Alifuata mikono yake, na mikono yake ilijua kitu kimoja kuhusu nyumba ya asali, kwamba laini hukaa ndani.

Nikamfuata shangazi jikoni. Nilikuwa na hasira, na nilizielekeza kwake maana yeye ndiye aliyekuwepo. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia, siku zote hizo mzee anakunja, yeye ana macho. Hakunyanyua sauti. Akachochea moto, akasema, "Nimwambieje? Alikuwa anaimba. Tangu mamako atutoke sijamsikia ndugu yangu anaimba."

"Na ameacha kuona tangu lini?"

"Lile la kwanza ulilomletea hakuliona," akasema shangazi. "Alinikataza nisikwambie. Alisema mtoto amehangaika."

Nililia pale jikoni, nikasingizia moshi, na shangazi akanikubalia kwamba ni moshi. Nilichelewa. Kitu kimoja alichonitaka mzazi wangu, nimehangaika nacho, nimepanda magari, nimegombana na watu wa Tanga, na nilipofika nacho mlango ulikuwa umeshafungwa. Na yeye akanifichia, ili nisiumie. Nilikuwa nimepita Korogwe nzima natangaza kwamba baba ameliona.

Sikumwambia. Tulipakia maboksi ya kijivu kwenye gari kama yalivyo. Nilijua tajiri atanipandishia sauti, nikajiandaa. Alilichukua moja, akachungulia ndani, akaniangalia. Nikamweleza, mwanzo mpaka mwisho, nimesimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Akafungua droo, akatoa muhuri wa mpira ambao tulikuwa tunatumia kwa bahasha, akaniambia niende kwa fundi mihuri nikachongeshe mwingine wenye neno ASALI. Tukayagonga muhuri moja moja, yeye upande huu wa kaunta, mimi ule. Abiria waliyanunua hivyo hivyo. Wengine walipofungua nyumbani kwao na kukuta picha ndani, sijui walituelewaje.

Ulipofika wakati wa kuchapa tena, nilikaa kwenye kompyuta nikafungua ile dizaini. Maandishi nikayapunguza. Mzinga nikausogeza juu. Mninga nikaurudisha, tawi lake limepinda, majani yake, kila kitu pale pale pa mwanzo. Kisha kwenye maelezo ya kiwanda nikaandika kwamba safari hii wachape upande wa kijivu.

Walipiga simu kutoka Tanga kuuliza kama nina akili. Upande ule unakunywa wino, walisema, rangi itafifia, itatoka kama kitu kilichoanikwa juani mwaka mzima. Tajiri ndiye aliyepokea simu. Alifunika mdomo wa simu kwa kiganja akanitazama, akautazama mninga kwenye kioo. Nikasema, "Mama, yeye ataweka laini ndani. Haachi." Akarudisha simu sikioni, akawaambia wafanye kama karatasi inavyosema. Kwangu akasema tu, "Mti upunguze kidogo." Nikaupunguza, kidogo sana.

Baba alifariki masika yaliyofuata, kwa homa, si kwa macho. Tulimzika Kwaluguru kwenye mvua nyembamba. Wenzake wa mizinga walikuja, na shangazi akawapa kila mmoja boksi lenye asali waende nalo, na yote hayo baba aliyakunja mwenyewe. Rangi zake zilikuwa zimefifia kama watu wa Tanga walivyotabiri. Siku hizi nina kompyuta nyingine, na vijana ninaofanya nao kazi wakiliona lile boksi kwenye rafu yangu huniuliza ni nani aliyeharibu kazi namna ile. Huwa nawaambia ni mambo ya zamani, tulikuwa tunajifunza.

Lakini nilimwahi na yale maboksi ya pili kabla hajafa, hilo ninalo. Nilimpelekea mwenyewe. Aliketi kwenye mkeka, mkebe wa gundi kushoto kwake, na mimi mbele yake. Alichukua la kwanza, akalipapasa huku na huku kwa kidole gumba, akatambua upande laini, akaupeleka ndani. Akakunja ubavu, akakunja mgongo, akapaka kiulimi, akabana. Na mikononi mwake nikaona boksi langu linasimama, mzinga uko juu ya tawi, maandishi yamekaa sawa, picha iko nje. Alikuwa amelikunja vilevile kama yale ya mwanzo.

Hakuliweka chini. Alilishika magotini, akitazama mahali ambapo sikuwepo.

"Mama," akasema. "Mninga upo?"

"Upo, baba."

Akapitisha kiganja juu ya boksi, polepole, kutoka juu hadi chini. Kadi ilikuwa inakwaruza kila mahali sawasawa.

"Upande gani?" akasema. "Nishike mkono, uniwekee."

Nikamshika kidole nikakiweka juu ya tawi.